Mimbari ya Kioo na Neno Dawa

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani. Asanteni. Nimeitundika sebuleni juu ya redio, na kila nikiitazama nakasirika, kwa sababu kioo chake si kioo, ni plastiki. Ilipasuka njiani ikitoka dukani, na mmoja wenu akaiunga kwa supa glu akidhani sitaona. Kuanzia namba kumi na mbili mpaka namba mbili kuna ukungu mweupe. Mshale ukiingia pale hauonekani tena mpaka utokee upande wa pili. Mke wangu anasema tangu nistaafu nyumba hii haina saa saba mchana, na chakula kinakuja kinapotaka.

Aliyefanya hivyo namjua. Simtaji, lakini yeye ndiye sababu ya maandishi haya. Mkuu wa karakana aliniomba niwaachie vijana neno la busara. Busara sina, nina plastiki. Vyeo vyangu mlivijua, vilikuwa vichache na vilichelewa, na mshahara nao tuuache ulale. Nitawaeleza kazi ilivyoanza, nani alinifundisha, na siku neno moja la kazini lilipokaribia kumtoa mtu nyumbani kwake.

Niliripoti karakana pale Bariadi nikiwa nimevaa tai. Sijui nani alinidanganya kwamba fundi anavaa tai. Mzee Shigela, aliyekuwa akishika meza ya mwisho karibu na dirisha, aliniangalia kuanzia shingoni kwenda chini, akaiomba ile tai, nami nikampa. Akafutia nayo mafuta ya mashine. Kisha akapanga mezani vipande vinne vinavyoonyesha upande wa pili, akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, nipe kioo."

Nikachagua kile kilichong'aa zaidi.

"Hicho ni droo ya friji," akasema. "Jaribu tena."

Nikachagua kingine. Kilikuwa taa ya pikipiki. Cha tatu kilikuwa kifuniko cha kitanda cha watoto njiti kutoka kituo kimoja cha afya. Cha nne nilikishika kwa matumaini makubwa, kumbe ni kipande cha chupa ya maji. Mzee Shigela akacheka mpaka akakaa. Mezani hapakuwa na kioo hata kimoja.

Hilo ndilo somo la kwanza, na mpaka leo naona mnalikosea. Kwetu kila kinachoonyesha upande wa pili ni kioo. Dirisha kioo, simu kioo, taa ya bodaboda kioo, na kile unachojitazamia ukichana nywele nacho kioo. Mteja hana kosa, ndiyo lugha aliyopewa. Lakini fundi akiamini neno la mteja amekwisha. Kigongeni kwa ukucha. Droo ya friji hulia kwa sauti nyembamba, kama kijiko kwenye bilauri. Akriliki, ambayo ni plastiki ya mabango na ya vitanda vile vya watoto, sauti yake ni nzito. Ya taa za pikipiki na ya kioo cha helmeti hailii sana na haivunjiki ovyo, unaweza kuipiga nyundo ikakudharau.

Mkishindwa kwa sauti, kwangueni kipande kidogo mahali pasipoonekana, mkichome nje, si ndani. Akriliki inawaka vizuri, inapasukapasuka kidogo, na ina harufu tamu ya matunda. Ile ya droo inatoa moshi mweusi wenye masizi yanayoelea mpaka kwenye nguo za jirani. Ya taa ya pikipiki inawaka kwa shida, ukiondoa kiberiti inazimika. Msivute harufu kwa pumzi ndefu mkidhani ndiyo ufundi. Mzee Shigela alikuwa anapungia harufu kwa mkono ije kwake kidogo tu, kwa adabu.

Sasa supa glu. Mnaipenda kwa sababu inashika haraka, na nyinyi ni watu wa haraka. Kwenye kitu kinachoonyesha haifai. Mvuke wake unatua pembeni ya ufa na kuacha ukungu, rejea saa yangu. Kwenye taa za pikipiki unaunga ufa mmoja, kesho mteja anarudi na watoto wa ule ufa. Huko tumieni gundi ya mirija miwili, ile ya kuchanganya, mkubali kwamba baada ya jua la msimu mmoja au miwili itageuka manjano. Kipande cha chupa ya maji mkitupe. Nimeunga vingi katika maisha yangu ila chupa ya maji ilinishinda, na sioni aibu.

Kwa akriliki hatutumii gundi kabisa. Tunatumia kile kimiminika chepesi mnachokiita dawa. Mnavuta kidogo kwenye bomba la sindano, mnakutanisha pande mbili zikae sawasawa, mnagusisha ncha ya sindano kwenye ufa, na kinakimbia chenyewe mpaka mwisho. Fungueni madirisha, fungeni chupa, na asiyesikia atakuja kuumwa kichwa anisingizie mimi. Kama kuna pengo, yeyusheni vumbi la akriliki ileile ndani yake mpaka lipate uzito wa uji, mjazie kwa uji huo. Na mwisho wa ufa toboeni tundu dogo kabla ya yote, maana ufa usio na tundu unaendelea na safari.

Mzee Shigela alinikataza neno moja. "Humu ndani tuite dawa," alisema, "lakini mteja akiingia, sema kiyeyushi. Ukishindwa, sema maji ya kazi. Neno dawa limezee."

Nikamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu uko Simiyu," akajibu, akaendelea na kazi. Nikaona mzee ana mambo yake.

Nilielewa alipokuja bwana mmoja kutoka Bukundi na kifuniko cha dashibodi ya pikipiki kilichopasuka katikati. Kilikuwa akriliki safi, kazi ya kufurahisha, nami nikiwa kijana mwenye kujionyesha nikamweleza huku nafanya. "Mwangalie, baba. Gundi inabandika tu. Hii dawa haibandiki. Inalainisha huku, inalainisha na huku, halafu ukivishika pamoja kwa utulivu vinakuwa kitu kimoja. Baadaye huwezi kujua kwamba viliwahi kuachana."

Yule bwana akaitazama ile chupa. Kwa Kisukuma dawa ni bugota, na bugota ni kila kitu, ya tumbo, ya mbu, ya ng'ombe asiyerudi zizini. Alilipa, akasema wabeja, yaani asante, akaondoka akigeukageuka nyuma.

Baada ya siku kadhaa akarudi na mbuzi na picha ya mke wake. Mke alikuwa amerudi kwao Lingeka.

"Mwangaluka, fundi. Matone mangapi?" akaniuliza.

"Matone ya nini?"

"Usinifiche. Yangu mimi na yake yeye. Ulisema inalainishwa huku na huku."

"Baba, ile ni ya plastiki!"

"Na yeye ni mgumu hivyohivyo," akasema kwa huzuni kabisa.

Nikamfukuza kwa heshima. Akaelewa kwamba mbuzi hatoshi. Akaja tena na mtamba, akamfunga kwenye nguzo ya karakana, na mkuu wetu wa wakati ule akatoka nje kuuliza kama siku hizi tunatengeneza na ng'ombe. Nikakataa na mtamba. Kumbe kule Lingeka yule mama alikuwa amesikia kwamba mumewe anazunguka mjini na mtamba akimtafutia dawa yeye, akaona akiendelea kukaa kwao zizi litaisha. Akarudi. Bwana wa Bukundi akatangaza mnadani kwamba fundi Maduhu wa Bariadi hata hakuhitaji kumgusa mke, dawa yake inafanya kazi ikiwa bado kwenye chupa.

Kuanzia hapo nilipata taabu. Walikuja mashemeji waliogombania mipaka. Ilikuja timu ya mpira iliyokosa ushirikiano, wachezaji wote na kipa, wakapanga mstari mbele ya meza yangu. Mzee Shigela alikuwa akiinama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakijaanguka, mabega yakimtikisika. Alipostaafu aliniachia bomba lake la sindano na maneno yaleyale: "Neno lile limezee." Nikalimeza kwa miaka mingi.

Sasa niwaeleze mimbari.

Kanisa moja upande wa Ipililo lilipata mimbari ya akriliki, zile za kisasa ambazo mhubiri anaonekana mpaka viatu. Vijana wa kanisa waliichangia. Ilisafiri kutoka Mwanza kwenye lori, juu ya magunia, na ilipofika, upande wake mmoja ulikuwa umeachana na mwenzake. Nikaitwa. Niliitengeneza vizuri, nasema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kusema, ufa haukuonekana hata jua likiwa nyuma yake. Nikamwagiza mchungaji: maji na sabuni ya kipande, kitambaa laini, basi. Spiriti hapana, petroli hapana, thina usiithubutu. Mchungaji akaitikia yote. Jumapili akawatangazia waumini kwamba mimbari yao ya kioo imepona. Alisema kioo. Nilimsikia, nikaona nimsamehe.

Aliyesafisha kanisa lile alikuwa mama mmoja mjane aliyeitwa Mbuke, na wote tulimwita Mayu Mbuke, yaani mama. Alikuwa mtu mzima sana, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote, peke yake kwenye nyumba aliyoachiwa na mumewe. Kazi ile hakulipwa. Aliifanya kwa kupenda, na kama ukikanyaga sakafu mbichi alikuwa anakusema mpaka unatamani kuokoka upya.

Ikatokea harusi. Wapambaji wakabandika maua kwenye mimbari kwa gundi ya karatasi, na walipoyabandua yakabaki makovu yanayonata. Mayu Mbuke akasugua kwa maji, hayakutoka. Akakumbuka kwamba mafundi rangi walipomaliza kupaka kanisa, walitoa madoa kwenye vioo vya madirisha kwa thina, na vioo vikang'aa ajabu. Dumu la thina lilikuwa bado stoo. Madirisha ni kioo, na mchungaji mwenyewe ametangaza mimbari ni kioo. Sasa niambieni, mama wa watu alikosea wapi? Akachovya kitambaa, akafuta, gundi ikatoka yote, akaenda zake nyumbani ameridhika.

Akriliki ikipata thina haisamehe. Hasa pale ilipopindwa kiwandani, ambapo imejikaza, inapasuka nyufa nyembamba ndani kwa ndani, maelfu, kama utando. Jumapili jua lilipopita dirisha la mashariki na kuangukia mimbari, kanisa zima likaona mnyama mwenye pembe amesimama mbele ya tumbo la mchungaji.

Walipiga kelele nje mpaka mchana. Wengine walisema ni ishara njema. Wengine walisema ni ramani ya Meatu. Mzee Masanja, aliyeibiwa dume lake msimu uliopita, akasogea karibu, akatazama pembe, akatazama nundu, akasema kwa sauti, "Huyu ni wangu. Mchungaji, umempata wapi?" Ikabidi aelezwe taratibu kwamba mchungaji hafugi. Hakukubali.

Ndipo Mzee Ngasa, mzee wa kanisa, mtu mrefu mwenye sauti ya kufunga mikutano, akauliza nani aligusa mimbari mara ya mwisho.

"Mimi," akasema Mayu Mbuke. "Niliifuta."

Watu wakasogea mbali naye kidogo. Hakuna aliyewaambia wasogee. Nyinyi wa mjini mnaweza kucheka hapa, lakini waliokulia vijijini wanajua mjane mzee mwenye macho mekundu akianza kuepukwa hivyo maana yake ni nini. Nimewajua waliohama na ndoo moja tu mkononi. Nimewajua na ambao hawakupewa nafasi ya kuhama. Mchungaji aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Akasema neno moja la akili siku ile: tusubiri fundi aje aitazame, kisha tuzungumze.

Nikaja kwa pikipiki. Nikakuta kanisa limejaa kuliko Jumapili, mimbari katikati, na Mayu Mbuke amekaa kwenye benchi la mbele, benchi zima peke yake. Amevaa kitenge chake kizuri. Pembeni mwa miguu yake kulikuwa na kifurushi kilichofungwa, na nilipokiona roho iliniuma. Alikuwa ameshapanga vitu vyake.

Nikainama kwenye mimbari. Nikanusa. Thina tupu! Jamani, nilifurahi kiasi kwamba akili iliniruka. Nikageuka, nikainua mikono kama mhubiri, nikasema kwa sauti kubwa, "Ndugu zangu, tulieni! Hakuna uchawi wowote hapa. Mayu Mbuke ameipaka dawa tu!"

Halafu kanisa likalipuka.

"Amesema mwenyewe! Dawa!"

"Subirini!" nikapiga kelele. "Ni dawa ya kawaida! Inauzwa! Hata mimi ninayo nyumbani!"

"Na yeye anayo!" akasema mtu wa nyuma.

"Si ndiye yule aliyemrudisha mke wa Bukundi?" akasema mwingine. "Kwa chupa iliyofungwa!"

Watu wakaanza kusogea mbali na mimi pia. Nikajikuta nimesimama peke yangu karibu na Mayu Mbuke, ambaye aliniangalia juu mpaka chini kama Mzee Shigela siku ya tai.

"Baba," akaniambia polepole, "ulikuja kunisaidia au kunimaliza?"

Nikatamani ardhi inimeze. Nilimkumbuka mzee wangu chini ya meza, mabega yakitikisika, na safari hii hapakuwa na cha kuchekesha.

Mzee Ngasa akainua mkono, watu wakatulia. Akaagiza dumu liletwe kutoka stoo. "Hatuhukumu kwa maneno," akasema. "Dawa yenyewe hii hapa, na mimbari hii hapa. Ubaya hauko kwenye dumu, uko kwenye mkono. Mimi nitafuta mbele yenu wote. Mkono wenye nia safi hautaacha alama."

Nilichosema hapo nawaapia kilitoka kwenye moyo wa kazi. Sikumwaza Mayu Mbuke, wala haki, wala kanisa. Nilipiga yowe, "Mzee, acha! Utaniharibia upande mzima!"

"Kaa chini, fundi," akasema, akamwaga thina kwenye kitambaa, akafuta upande wa kushoto uliokuwa safi kabisa, polepole, huku akitutazama.

Paligeuka peupe papo hapo.

Mzee Ngasa akatazama pale. Akatazama kiganja chake. "Kitambaa," akasema. "Kitambaa hiki alikishika Mbuke." Akatoa leso yake mwenyewe mfukoni, nyeupe, imepigwa pasi, akamwaga tena, akafuta chini kidogo. Pakawa peupe zaidi.

Mwalimu wa kwaya akasimama kwa huruma kubwa. "Mzee wetu, pole. Tutakuombea," akasema, akachukua leso ile kwa vidole viwili. Alijiamini vibaya mno. Akafuta, akaacha wingu la ukubwa wa sinia. Akakaa chini na hakuimba tena siku ile.

Basi wakapanga mstari. Mimi nilikuwa nazunguka mimbari kama kuku aliyefukuzwa kwenye mayai, "Jamani, akriliki! Jamani, basi hata fungueni madirisha!" Madirisha walifungua. Kuacha hawakuacha. Kila mmoja alimtazama aliyemtangulia kwa masikitiko, akashika leso akiwa na uhakika na mkono wake, akafuta, akarudi benchi akificha kiganja kwenye nguo. Mama wa idara ya wanawake alifuta kidogo sana, kwenye pembe, akidhani kidogo hakitaonekana. Kilionekana. Mzee Masanja alikataa kata kata kufuta karibu na ng'ombe wake, akazunguka nyuma, ila aliilowesha leso mno, thina ikamchuruzika mpaka mbele, na dume likafutika pembe zote mbili. Akalia pale pale, "Nimeibiwa mara ya pili!"

Alibaki mchungaji. Aliomba kwanza, kwa muda mrefu, sehemu ya Kiswahili na sehemu ya Kisukuma. Akamimina thina yote iliyobaki. Akafuta juu, pale anapoweka Biblia. Palilainika kabisa, pakabaki na alama za vidole vyake vitano, za kudumu.

Kanisa zima lilikuwa limekaa limeficha mikono. Mzee Ngasa akatafuta namna ya kufunga kikao, akageukia benchi la mbele.

"Mbuke," akasema, na sauti haikuwa ile. "Basi na wewe njoo. Tuone."

Mayu Mbuke hakunyanyuka. "Zamu yangu ilishapita," akasema. "Niliifuta peke yangu wiki iliyopita, na sikusukumana na mtu."

Aliyeanza kucheka sijui ni nani. Nadhani mwalimu wa kwaya. Kilianza kidogo, kwa aibu, kikapita benchi hadi benchi, mpaka mchungaji akashika mimbari asianguke na vidole vikanata. Watu wakarudi kukaa benchi la mbele, mmoja mmoja, mpaka likajaa na Mayu Mbuke akaanza kulalamika kwamba wanambana. Kifurushi akakisukuma kwa mguu chini ya benchi. Nilikiona, nikatoka nje nikasimama upande wa ukuta, nikalia kidogo. Sioni haya kuliandika.

Sasa kazi. Vijana, akriliki iliyoliwa na thina hairudi. Mtu akiwaambia atairudisha kwa dawa ya meno anawadanganya, ile inaondoa mikwaruzo ya juu tu. Na askofu alikuwa anakuja Jumapili. Nikatoboa miisho ya nyufa kubwa, nikajaza uji, kisha nikachukua msasa laini wa maji, nikaifuta mimbari yote kwa mzunguko mmoja, ndani na nje, mpaka ikawa nyeupe sawasawa kila mahali, ukungu mmoja usio na mwanzo. Mkishindwa kuficha doa, sambazeni. Mayu Mbuke alinishikia ndoo na kunisema kwa kumwaga maji sakafuni. Alama za vidole vya mchungaji zilikuwa zimezama mno, nikaziacha.

Jumapili nilikaa nyuma. Askofu alipanda, akaweka Biblia, akaipapasa mimbari, akakuta pale palipo na vidole vitano, akaweka vyake, vikakaa sawia. Akafurahi sana.

"Nimezunguka makanisa mengi," akasema, "mimbari ya namna hii sijaiona. Mmepaka dawa gani?"

Mchungaji, aliyekaa nyuma ya mimbari, akatazama viatu vyake, ambavyo sisi sasa hatukuviona. Mzee Ngasa akakohoa. Vichwa vikaanza kunigeukia mimi kule nyuma, benchi baada ya benchi, na mimi nikafunga mdomo kwa nguvu zangu zote.

Mayu Mbuke akasimama, akaweka kitenge sawa.

"Si dawa, Baba Askofu," akasema. "Ni mikono yetu tu. Kila mmoja uliyemkuta hapa ameupitisha wake."

Akakaa. Askofu akatutazama wote, machozi yakamlengalenga, akasema huo ndio umoja anaoutafuta siku zote. Akaiacha hotuba aliyokuja nayo, akahubiri juu ya mikono yetu mpaka wali ukapoa, na muda wote huo hapakuwa na mtu aliyethubutu kumtazama jirani yake.